Ujazo wa Chini

Njombe, Alhamisi mchana

Editha, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Makambako kumuaga shangazi yako, na mama yako yuko uani anajaza viazi kwenye kiroba utafikiri huko unakokwenda watu hawali. Nimefunga karakana mapema. Wateja nimewaambia mgongo unauma, jambo ambalo ni kweli kila siku, kwa hiyo hapo sijasema uongo. Nimekaa kwenye benchi la randa, na nina muda mpaka gari la jioni likurudishe.

Sitakuandikia habari za blanketi wala za kuchemsha maji. Hayo mama yako ameyamaliza. Amekuambia kuhusu baridi, kuhusu majirani, kuhusu wanaume, na ulipoinama kufunga viatu akarudia tena la wanaume. Mimi nina jambo moja tu. Limenikaa kooni miaka kumi na moja, na nilishajipanga kufa nalo. Wewe ndiye uliyeniharibia mpango huo Jumapili.

Jumapili, jumuiya walipokuja kukuaga, ulisimama sebuleni na kitenge walichokuvisha, ukasema kwa sauti yako ile ya shuleni: "Naenda kufanya kazi ya mipango miji ili mtaa mwingine usifanyiwe walichofanyiwa wazee wangu wa Mabanzi. Yule kijana aliwadanganya huku anawatazama machoni. Mimi sitamdanganya mtu." Vigelegele vikapigwa mpaka jirani akachungulia. Mwenyekiti wa jumuiya akasema mtoto wa mtetezi ni mtetezi. Nami nikapiga makofi, mwanangu. Nilipiga kuliko wote. Nilipomtazama mama yako, alikuwa ameshika sinia la vikombe kwa mikono miwili na hakulitua.

Yule kijana hakutudanganya. Aliyedanganya ni mimi.

Sasa usitupe karatasi. Kaa, usome. Nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu nikianzia kwenye mkutano utadhani lilikuwa kosa la siku moja.

Unajua kwamba ujanani nilikuwa karani wa mizani kule Lupembe. Nimekusimulia mara nyingi mno, najua, na huwa unamaliza hadithi kabla yangu. Lakini sijakuambia nilivyoipata kazi ile. Lori la kukusanya majani ya chai lilikuwa linakuja na bwana mmoja mgeni asiyejua hata neno moja la Kibena, na wakulima wengi, hasa akina mama, Kiswahili chao kilikuwa cha salamu. Mimi nilikuwa nimemaliza la saba na nilikipenda Kiswahili kama wenzangu walivyopenda mpira. Siku moja yule bwana akatangaza kwamba kiwanda kimesitisha kupokea majani ya upande wetu. Watu wakanigeukia. Sikujua kusitisha ni kuacha au ni kuchelewa. Nikabahatisha, nikasema wameacha kwa muda, rudini na majani yenu. Ikawa ndivyo. Wiki iliyofuata nikaitwa, nikapewa daftari na kiti.

Kiti kile, Editha. Wenzangu wamesimama kwenye ukungu na vikapu mgongoni, baba yako ameketi. Wakaanza kuniita Mswahili. Nilijifanya sipendi. Tangu hapo, neno la ofisini likija nisilolijua, sikuuliza. Nilitazama limekaaje, nikabahatisha, na mara nyingi nilipatia. Huo ndio ugonjwa wangu, na niliutunza vizuri.

Mabanzi unaikumbuka kwa macho ya mtoto. Unakumbuka vumbi la mbao na honi za malori. Mimi nakumbuka kwamba hakuna mtu pale aliyehitaji gari. Wapakiaji wa mbao walikuwa wanatoka mlangoni na kufika kazini kabla chai haijapoa tumboni. Akina mama wanaochambua parachichi walirudi mchana kunyonyesha. Nyumba za kwanza zilikuwa za mabanzi yenyewe, yale maganda ya magogo ambayo kiwanda cha mbao kilikuwa kinatupa, ndiyo maana ya jina. Baadaye tukajenga kwa matofali ya kuchoma, chumba kimoja kimoja, kila mtu na nafasi yake ndogo. Mama yako akimwaga maji ya vyombo mlangoni kwetu, yalikuwa yanapita kwa jirani bila kugonga hodi.

Na jirani huyo alikuwa Bibi Felista. Wewe ulikuwa unamwita bibi tu, ukadhani kweli ni mama yangu, na hatukukusahihisha. Alikuja mjane kutoka Ipelele, juu kabisa huko Makete. Kiswahili chake kilikuwa cha bei na salamu. Kibena alikisikia vizuri kwa kukaa nasi. Alikuwa na vyumba viwili: kimoja analala, kingine amempangisha kijana wa bodaboda. Asubuhi alitandika mboga na viazi vyake sokoni, na siku mama yako akiwa na shughuli, ulilala chini ya meza yake ukiwa umefunikwa kanga. Nilimtengenezea mlango wa mbao ya mlingoti, mzito mno, nikaufunga bawaba tatu maana mbili zisingeubeba. Alikuwa anauonyesha kwa wageni kabla hajawaonyesha kiti.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa kiwanda cha mbao. Mtendaji wa mtaa alikuwa na msiba kwao, hivyo mwenyekiti wa mtaa akaniambia, "Mzee Kasto, wewe una mwandiko, utatuandikia muhtasari." Nilivaa koti. Siku ile nilivaa lile koti la harusi, na mama yako akanicheka.

Bwana mipango alikuwa kijana, mgeni wa kanda ya ziwa, mwembamba, anatetemeka kwa baridi yetu. Alikuja na mchoro mkubwa, akaubandika kwenye rundo la mbao. Alieleza kwa adabu. Barabara itapita hapa, shule hapa. Kisha akasema, na maneno haya nayakumbuka kama sala: "Eneo hili la Mabanzi, katika mchoro mpya, litakuwa makazi ya ujazo wa chini. Ujazo wa juu utakuwa kule ng'ambo ya msitu, Viwanja Vipya. Kuna swali?"

Hakuna mkono ulioinuka. Mwenyekiti akanigeukia. "Mzee Kasto, hebu wafafanulie akina mama kwa Kibena."

Ujazo wa chini. Sikuwahi kulisikia. Wewe sasa unalijua kama jina lako, umelisomea, utaniona mjinga. Lakini sikiliza lilivyosikika masikioni mwetu siku ile. Juu na chini. Watu wa juu, watu wa chini. Redioni kila siku wanasema watu wa hali ya chini, wananchi wa kipato cha chini. Nilitazama neno limekaaje, nikabahatisha. Nikasimama na koti langu, nikawaambia kwa Kibena kwamba serikali imeamua hapa Mabanzi patakuwa pa watu wa chini, sisi hapa, na vijumba vyetu. Wenye uwezo, watu wa juu, watapelekwa kule ng'ambo ya msitu.

Makofi yaliyopigwa hujawahi kuyasikia. Mwanamke mmoja alilia. Bibi Felista akanyanyuka kwenye gogo alilokalia, akaniuliza mbele ya watu wote, "Kwa hiyo mimi nabaki?"

Nikamjibu, "Unabaki, mama. Hapa ni pako."

Yule kijana hakusikia Kibena. Aliona makofi, nikamwona anashangaa kidogo, maana nadhani alikuja tayari kwa maneno makali. Akauliza tena, taratibu, akinitazama mimi: "Mmeelewa kweli? Hakuna mwenye swali?"

Nikasema, "Tumeelewa, bwana mipango. Hapa hatujalala." Watu wakacheka. Nikakaa chini nimejaa fahari.

Nilikesha na muhtasari ule wiki nzima, kwa raha tu ya kuandika. Mihtasari yote ya mtaa iliishia na sentensi moja, wananchi waliridhia kwa kauli moja. Mimi nikaandika, "Wananchi walielewa na kuridhia kwa kauli moja." Neno walielewa niliongeza mwenyewe. Mwenyekiti akasaini, muhuri ukagongwa, na karatasi ya mahudhurio yenye dole gumba la Bibi Felista ikabanwa nyuma yake.

Wapima walipokuja miezi kadhaa baadaye kusimika bikoni, yale mawe ya mipaka, tuliwapikia makande. Wakasimika moja nyuma ya choo chetu, ya pili mbali kule kwenye bomba, na tulipotembea kutoka hii hadi ile tukakuta kiwanja kimoja kimemeza nyumba tano, yetu na ya Bibi Felista zikiwa katikati. Watu wakanitazama tena. Nikasema kuna makosa ya vipimo, nitakwenda ofisini.

Yule kijana alinipa kiti. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua kalamu na karatasi, akachora mraba mkubwa wenye nyumba moja ndani yake. "Mzee, huu ndio ujazo wa chini. Nyumba chache, kiwanja kikubwa." Akachora miraba midogo midogo imebanana. "Huu ndio ujazo wa juu. Ninyi mlivyo sasa ni ujazo wa juu. Chini hapa si habari ya hali ya mtu, ni idadi ya nyumba."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Hilo nalijua."

Hakuwa mjinga. Alifungua jalada, akanionyesha muhtasari. Mwandiko wangu, mzuri, umenyooka. Walielewa na kuridhia. Nilitamani karatasi ile iungue mkononi mwake. Akasema kwa sauti ya chini, ili wenzake wa meza ya pili wasisikie, "Mzee wangu, siku za pingamizi bado zipo. Andika tu kwamba wananchi hawakulielewa neno, kwamba lilifafanuliwa vibaya, mkutano urudiwe. Nitaipeleka mwenyewe mbele." Akanipa karatasi nyeupe, na kalamu yake akanipa.

Ingekuwa mistari mitatu. Editha, nimeandika barua nyingi maishani, na hii unayoisoma ni ndefu kuliko zote, na yote ni ile mistari mitatu niliyoshindwa kuiandika pale.

Nilikunja karatasi nikaitia mfukoni. Nilisema nitaiandikia nyumbani. Nilipofika Mabanzi watu walikuwa wamejaa kwa Bibi Felista, wananisubiri. Wameniwekea kiti. Kile kile cha Lupembe, naona kinanifuata. Mwenyekiti akauliza, "Wamesemaje?" Nilitazama zile nyuso, nikaona nikisema ukweli sitakuwa Mzee Kasto tena, nitakuwa yule fundi aliyejifanya anajua Kiswahili. Nikafungua kinywa nikasema, "Wametudanganya. Yule kijana alitueleza hivi, karatasini wameandika vile."

Hawakuuliza zaidi. Watu wakishasikia wamedanganywa hawaulizi tena.

Pingamizi nililiandika, ndiyo. Kurasa nne. Nilijaza hila na ghiliba na unyonge wetu, nikalisoma kwa sauti mbele ya mtaa na watu wakafuta machozi. Ofisini wakalibandika pembeni ya muhtasari wangu mwenyewe, wakaona mtu yule yule anasema walielewa na anasema walidanganywa, kwa mwandiko mmoja. Likarudi. Siku zikawa zimekwisha. Yule kijana alipokuja mtaani baadaye kwa shughuli nyingine kabisa, vijana walimrushia matope mpaka miwani ikadondoka. Mimi nilisimama pembeni nikiwasihi watulie, na sauti yangu ilikuwa ya mtu mwema. Alinitazama tu. Akaokota miwani yake, ingawa neno la kuniumbua alikuwa nalo. Haukupita muda akahamishwa.

Mama yako nilimwambia. Alikuwa anamenya viazi. Hakuinua kichwa, akamenya mpaka vikaisha, ndipo akasema, "Kamwambie Felista." Nikasema nitakwenda kesho.

Tulivyohama unakumbuka mwenyewe, ulikuwa darasa la sita na ulilia kwa ajili ya kuku. Wenye kiwanja kidogo ilibidi waungane wanunue pamoja kile kikubwa au wapishe, na kuungana hatukuweza. Sisi tukaja Njombe kupanga. Bibi Felista akakubali kwenda Viwanja Vipya. Asubuhi ya kubomoa nilikwenda kumsaidia. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, vitu vyake vimefungwa kwenye shuka moja.

Akaniambia, "Wewe ulisema nabaki."

Nikasema, "Walitudanganya, mama."

Akasema, "Ee." Basi. Halafu akasema, "Ning'olee mlango wangu, mwanangu." Nikafungua bawaba tatu kwa mkono wangu, skrubu moja baada ya nyingine, nikaubeba mlango mpaka kwenye mkokoteni.

Siku hizi sidhani kama aliniamini. Nadhani aliniachia tu.

Yaliyofuata ndiyo unayoyajua, na ndiyo yaliyonipa jina. Kamati, safari za ofisini, diwani, wenye magari. Tuliomba mambo mawili tu: kila mchoro mpya uache safu za viwanja vidogo karibu na soko na kazi, ili asiye na uwezo asifukuzwe mjini, na gari la abiria lifike Viwanja Vipya, barabara ichongwe. Ofisi zikasema barabara haimo kwenye bajeti. Wenye magari wakasema hakuna abiria. Nami nikasimama kwenye kikao nikasema, "Abiria hawapo kwa sababu gari halipo!" na maneno hayo yakatembea mji mzima. Ulikuwa kidato cha pili, uliyaandika nyuma ya daftari, niliyaona. Nilikuwa mtetezi mzuri, hilo nalisema bila haya. Kila nilichodai kilikuwa haki. Ila nilikuwa nawadaia haki watu niliowapeleka kule mimi mwenyewe.

Na nilipokuwa nazunguka na mafaili, Bibi Felista alikuwa anatembea. Kutoka Viwanja Vipya mpaka sokoni, na kikapu, na ukungu ule. Bodaboda kwa mtu anayeuza mafungu ya mboga ni sawa na kutouza. Mvua zikianza hata bodaboda hawaendi, udongo ule mwekundu unashika tairi. Mwaka wa tatu, kwenye masika, kifua kikambana. Majirani walisubiri kupambazuke. Hakuna gari. Wakatafuta kitu cha kumbebea, machela hawana, kitanda hakipiti kwenye mlango wa kibanda alichojengewa. Wakang'oa mlango wenyewe, wakamlaza juu yake.

Ulikuwa shuleni, tukakuambia aliugua akafa, na ni kweli. Mimi nilikuwa Makambako siku hiyo hiyo, kwenye kikao cha barabara. Nilipofika kituo cha afya niliona kwanza mlango umeegemezwa ukutani, nje, una matope mpaka juu. Bawaba tatu. Sikuhitaji kuuliza. Vijana waliombeba walikuwa wamechuchumaa wamechoka, wakasimama waliponiona, wakanipa pole. Mmoja akanishukuru. Akasema, "Mzee Kasto, angalau wewe unatupigania." Bibi Felista alikuwa amefia njiani, kabla hawajaona lami.

Niliuosha ule mlango. Hakuna nilichojua kufanya zaidi ya hapo.

Gari lilikuja baada ya mwaka. Hiace moja, siku za gulio tu, na mvua ikinyesha haliji. Kituo chake cha mwisho makondakta wanakiita Kwa Felista, na abiria wengi wanadhani ni jina la duka. Safu za viwanja vidogo hazijakubaliwa hata moja. Mabanzi leo ni kuta ndefu na mageti, na nusu ya zile nyumba kubwa ni mapagale yenye mlinzi mmoja ndani. Wapakiaji wa mbao bado wanakuja pale pale kazini, ila sasa wanaamka saa tisa usiku waanze kutembea.

Kwa hiyo umekua na baba shujaa, umemsomea shahada nzima, na kesho unapanda basi ukiwa na hasira niliyokutengenezea mimi. Hasira hiyo ina anwani ya mtu mwingine. Naogopa sana jinsi utakavyonitazama ukimaliza kusoma. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, uko nyumbani siku kumi sasa, na kila siku nimesema kesho. Karatasi hii nitaiweka ndani ya bahasha ya vyeti vyako, kwa sababu najua hiyo huwezi kukosa kuifungua kabla hujaingia ofisini. Ni woga, najua. Angalau safari hii mistari mitatu nimeiandika.

Nimemwambia mama yako kwamba Jumapili hii nitasimama mbele ya jumuiya niseme. Amejibu, "Tutaona." Ana haki.

Watu wa kazi moja hukutana. Ukimkuta yule kijana, sasa atakuwa mtu mzima, mwembamba, wa kanda ya ziwa, usimwambie wewe ni nani mpaka umeshamsalimia vizuri. Kisha mwambie Kasto wa Mabanzi bado ana kalamu yake. Sikuirudisha. Nimeitumia kuandika pingamizi, na maombi yote ya barabara, na ilipoisha wino niliihifadhi. Ipo kwenye bahasha. Mpe.

Uliahidi hutamdanganya mtu. Mwanangu, hata yeye hakumdanganya mtu. Alikuja na mchoro, akaeleza kwa adabu, akauliza mara mbili, na bado mtaa mzima uliondoka. Ukweli wake haukutusaidia kitu, kwa sababu mbele ya mgeni sisi hatuulizi. Maswali yetu tunayauliza njiani tukirudi, na mgeni ameshapanda gari.

Nawe utasimama siku moja mbele ya watu, una mchoro wako, na utawaambia ujazo wa chini, na utauliza kama kuna swali, nao watanyamaza au watapiga makofi. Usiandike kwamba wameridhia. Tazama mstari wa mbele. Kutakuwa na mzee mmoja amevaa koti, anatikisa kichwa kila unaposema neno gumu, na wenzake wanamtazama yeye badala ya kukutazama wewe. Mkaribie, umwamkie, umvute pembeni ambako watu hawasikii, umuulize kwa upole ameelewa nini.

Ndiye mimi, Editha. Usimwache aketi kabla hajakujibu.

Baba yako,
Kasto